Sitara ya Jina

Mwandishi aliyemaliza mswada wake hubakiwa na kazi moja ndogo kuliko zote, nayo ni kutia jina lake juu ya ukurasa wa kwanza. Kazi hii ni ya maneno mawili au matatu, wala haitaki ufundi. Walakini wako watu waliojaza kurasa 300 bila ya kusita, kisha wakasita hapo. Atakayesomwa awe nani? Awe yule ajulikanaye sokoni, na kwa wakwe zake, na kazini kwake. Au awe mtu mwingine asiye na wakwe wala jirani, aliyezaliwa siku hiyo kwa wino? Swali hili laonekana kuwa la desturi za uchapaji. Kwa hakika ni swali la haki, na aghalabu hujibiwa vibaya kwa sababu huulizwa upande mmoja tu: upande wa mwenye kalamu.

Yafaa kwanza jambo moja litengwe lisichanganywe na jingine. Ushairi wa Kiswahili una desturi kongwe ya lakabu. Pemba ilimjua Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy kwa jina la Kamange; Ahmad Nassir wa Mombasa ni Malenga wa Mvita, na diwani yake ilichapishwa kwa jina hilo mwaka 1971; Sudi Andanenga alijulikana kwa wasomaji wa mashairi kote Tanzania kuwa ni Sauti ya Kiza. Majina haya hayamfichi mtu. Ni mfano wa kilemba, ambacho huvaliwa kichwani ili mvaaji aonekane katika umati, wala hakivutwi usoni. Mshairi aliyerushiwa swali magazetini kwa lakabu yake alijua kuwa ameitwa yeye, na wasomaji walijua vilevile, wakangoja jibu. Hata katika tenzi za zamani ilikuwa kawaida mtunzi, akikaribia mwisho, ataje jina lake na la baba yake, pengine na mji wake, awaombe wasomaji dua na kuwataka radhi kwa kosa watakaloliona. Lakabu ya namna hii haina kesi ya kujibu. Kesi iko juu ya jina la pili, lile linalotiwa ili aliyeandika asijulikane.

Jina hilo hushitakiwa kwa makosa mawili, uongo na woga, na mashitaka yote mawili ni mepesi kuliko yanavyosikika. Uongo ni kumwaminisha mtu jambo lisilo kweli pale alipo na haki ya kuijua kweli. Msomaji wa riwaya ana haki ya kupewa riwaya njema kwa fedha yake. Hana haki ya kujua nyumba ya mwandishi iko mtaa gani. Mambo hugeuka pale tu jina linapouzwa kuwa ni ushahidi. Mwaka 1976 kilichapishwa Marekani kitabu The Education of Little Tree, kikiitwa kumbukumbu za maisha ya yatima aliyelelewa na babu na bibi wa kabila la Cherokee, kwa jina la Forrest Carter. Mwenye kukiandika alikuwa Asa Carter, mtetezi mkali wa ubaguzi wa rangi, aliyemwandikia hotuba Gavana George Wallace wa Alabama. Hapo msomaji alidanganywa hasa, maana kilichouzwa kilikuwa ni kusadikiwa, na hadithi ilikuwa chombo chake tu. Lakini mtungaji wa riwaya au shairi asiyedai kitu cha namna hiyo hajamdanganya mtu.

Ama shitaka la woga, lina kasoro ya kudhani kwamba ujasiri ni deni ambalo watu wote wanadaiwa kwa kiasi kimoja. Mwaka 1956 Alexandre Biyidi alipotoa Le Pauvre Christ de Bomba, riwaya iliyowadhihaki wamisionari wa Kamerun, nchi yake ilikuwa bado chini ya utawala wa Wafaransa, naye akiishi Ufaransa kwenyewe. Alitia jina la Mongo Beti, yaani mwana wa Wabeti, nalo likamkaa maisha yake yote. Anayemwita mtu huyo mwoga aulizwe kwanza yeye mwenyewe amewahi kuhatarisha nini. Woga wa mtu asiye na kinga na woga wa mtu aliye nyuma ya ngome havipimwi kwa pishi moja.

Basi uongo uwekwe kando, na woga uwekwe kando. Kinachobaki ni kizito zaidi, na ili kionekane vizuri hapana mfano ulio bora kuliko ule wa nyumba ya kasisi mmoja wa Haworth, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza.

Mwaka 1837 Charlotte Brontë, binti wa kasisi huyo, mwenye umri wa miaka 20, alipokea barua kutoka kwa Robert Southey, mshairi aliyekuwa ameteuliwa kuwa mshairi rasmi wa ufalme. Charlotte alikuwa amempelekea mashairi yake akitaka shauri. Shauri alilopewa lilikuwa la upole wa maneno na ukali wa maana: kwamba fasihi haiwezi kuwa shughuli ya maisha ya mwanamke, wala haipasi kuwa. Miaka 9 baadaye, mwaka 1846, Charlotte na wadogo zake, Emily na Anne, walitoa kwa gharama yao wenyewe kitabu cha mashairi chenye majina matatu: Currer, Ellis na Acton Bell. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 2. Kila mmoja alihifadhi herufi za mwanzo za jina lake, kama mtu ahamaye nyumba akachukua ufunguo wa ile ya zamani. Baadaye Charlotte alieleza kwamba dhamiri zao ziliwakataza kuchukua majina ya kiume waziwazi, na kwa upande mwingine hawakutaka kujitangaza kuwa ni wanawake, kwa kuwa walikuwa wameona waandishi wa kike wakitazamwa kwa jicho la upendeleo mbaya. Wakachagua majina yasiyokuwa ya huku wala ya kule. Yastahili kuangaliwa jinsi wanawake hawa walivyopima uongo kwa mizani ya dhahabu. Walijizuilia nusu ya udanganyifu ambayo mtu mwingine asingeihesabu hata kidogo.

Na pamoja na uangalifu huo wote, jina lile lilikwenda kumwumiza mtu ambaye Charlotte hakuwa amemwona kwa macho yake. Riwaya yake Jane Eyre ilitoka Oktoba 1847 ikapokewa kwa shangwe. Ndani yake mna bwana mmoja, Rochester, aliyemfungia darini mkewe mwenye wazimu, na mna mwalimu wa kike wa nyumbani ambaye bwana huyo anampenda. Toleo la pili lilipokuwa tayari, Charlotte alilitabarukia kwa William Makepeace Thackeray, mwandishi aliyemstahi kuliko wote walio hai. Hakujua kwamba Thackeray naye alikuwa na mke aliyepatwa na ugonjwa wa akili tangu mwaka 1840, aliyekuwa akitunzwa mbali na nyumbani. Mji wa London ulijua. Watu wakaweka pamoja mambo mawili, wakapata la tatu: Currer Bell ni mwalimu wa kike aliyefanya kazi katika nyumba ya Thackeray, na hadithi hii ni habari zao wawili. Thackeray akapata kusengenywa kwa kosa la kuheshimiwa. Alipoujua ukweli, Charlotte alifadhaika na kuona haya kubwa; lakini uvumi hauna mlango mmoja wa kuugongea. Lau jina lililokuwa juu ya kitabu lingekuwa ni la binti wa kasisi wa Haworth, aliyeishi mwendo wa siku nzima kutoka London, uvumi huo usingepata pa kusimama. Ulisimama mahali palipoachwa patupu na jina la kubuni.

Hapa ndipo kiini cha jambo kinapoanza kuonekana. Watu hawavumilii kitabu kisicho na mwenyewe. Wakinyimwa jina hulitafuta, na wasipolipata hulitunga, kisha jina walilolitunga humwangukia mtu aliye hai.

Kuna na upande wa pili, ulio mzito zaidi. Mwaka 1824 Charlotte na dada zake walipelekwa katika shule ya mabinti wa makasisi huko Cowan Bridge. Dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua huko, wakarudishwa nyumbani, wakafa mwaka 1825, wa kwanza akiwa na miaka 11 na wa pili miaka 10. Shule ya Lowood katika Jane Eyre, yenye uji ulioungua, baridi na maradhi, ilitokana na shule hiyo. Na Brocklehurst, mkuu wake mnafiki, alitambuliwa na waliomjua kuwa ni kasisi William Carus Wilson, aliyeianzisha. Charlotte alikuwa na haki ya kusema. Maiti mbili zilimpa haki hiyo. Lakini na itazamwe namna mambo yalivyopangwa. Mshitakiwa alivikwa jina la kubuni lililo jembamba kiasi cha kuonekana uso wake. Mshitaki alivikwa jina la kubuni lililo zito. Carus Wilson angeweza kutajwa na kila aliyepita Cowan Bridge. Yeye asingeweza kumtaja aliyemshitaki, wala kumwuliza: wewe ulikuwa hapa mwaka gani, uliona nini? Sitara ilikuwa moja, ikamfunika mmoja. Mwaka 1857, Charlotte akiwa ameshafariki miaka miwili nyuma, Elizabeth Gaskell alipochapisha maisha yake na kuitaja shule ile kwa jina, ndipo majibizano yalipotoka magazetini. Watetezi wa kasisi walijitokeza kwa ukali, na aliyewajibu alikuwa ni mjane mwanamume, Arthur Bell Nicholls, ambaye wakati wa mambo hayo ya Cowan Bridge alikuwa mtoto mdogo kule Ireland. Mwenye kujua alikuwa kaburini.

Huenda ikasemwa kwamba Carus Wilson hakustahili huruma. Yamkini. Lakini haki haimngoji mtu mpaka astahili kuhurumiwa ndipo imruhusu kumwona anayemshitaki. Na Charlotte mwenyewe alipata kuujua uchungu huo kutoka upande wa pili. Desemba 1848 jarida la Quarterly Review lilichapa makala juu ya Jane Eyre, iliyosema kwamba ikiwa kitabu hicho kimeandikwa na mwanamke, basi lazima awe ni mwanamke ambaye, kwa sababu zake, wanawake wenziwe wamekwisha kumtenga. Katika mwezi huohuo Emily alifariki. Makala yale hayakuwa na jina la mwandishi. Ndiyo iliyokuwa kawaida ya jarida hilo. Mwenye kuyaandika alikuwa Elizabeth Rigby, naye ni mwanamke. Basi mwanamke asiyetajwa alimhukumu mwanamke asiyetajwa kwa kosa la kuwa huenda ni mwanamke. Katika historia ya majina ya kubuni ni nadra kupata kicheko kichungu kuliko hicho.

Miaka 10 baadaye mambo yaleyale yalimpata mwandishi mwingine, kwa njia iliyo wazi zaidi. Marian Evans alikuwa mhariri na mfasiri mwenye elimu pana, aliyekuwa akiishi tangu mwaka 1854 na George Henry Lewes, mtu mwenye mke aliyetengana naye bila ya kupata talaka. Jamii iliwakunjia uso. Ndugu yake wa kiume, alipopata habari, alikata mawasiliano naye kwa zaidi ya miaka 20. Alipoanza kuandika hadithi alijua kwamba jina lake likionekana juu ya kitabu, watu watausoma mwenendo wake badala ya kitabu. Mwaka 1857 hadithi zake tatu za maisha ya makasisi zilitoka katika jarida la Blackwood, Edinburgh, na aliyezitunga aliitwa George Eliot. Sababu hii ni njema kama sababu yoyote iwezavyo kuwa njema.

Hadithi hizo zilitokana na watu wa Nuneaton na vijiji vya jirani, alikokulia. Wenyeji walizisoma wakajiona. Wakaanza kutafutana kwa vidole, wakamwangukia Joseph Liggins, mtu wa hapohapo, aliyekuwa amesoma na asiyekuwa na kazi ya maana. Liggins hakukataa. Riwaya Adam Bede ilipotoka Februari 1859 na kupendwa nchi nzima, watetezi wake walisema kwamba mchapishaji amemdhulumu na hajampa hata senti. Barua ikapelekwa gazeti la The Times kumtangaza kuwa ndiye, na watu wenye moyo mwema wakaanza kumchangia fedha. Kwa hiyo mchapishaji mwaminifu aliitwa mwizi, na wenye huruma walitozwa kwa ajili ya mtu aliyenyamaza tu. Mwaka huohuo Marian Evans alilazimika kujulikana, nusu kwa ajili ya kumnyang'anya Liggins kitu kisicho chake, nusu kwa ajili ya hao waliokuwa wakilipa gharama ya siri ambayo hawakuwa na sehemu ndani yake.

Lakini jambo la Liggins ni la kuchekesha kwa kiasi fulani. Lisilochekesha ni barua iliyomfikia Blackwood mwaka huo kutoka kwa kasisi John Gwyther. Zamani alikuwa kasisi msaidizi wa Chilvers Coton, parokia ya akina Evans, na mkewe alifia hapo akiacha watoto wengi. Katika hadithi ya Amos Barton alikuta umaskini wake, uzito wake wa akili, dhihaka za majirani, na kitanda cha mauti cha mkewe. Majina tu ndiyo yaliyobadilishwa. Jibu alilopelekewa kupitia kwa mchapishaji lilikuwa kwamba mwandishi alidhani mtu huyo alikwisha kufa.

Jibu hilo lafaa kusomwa polepole. Mwandishi aliyekuwa na moyo mpana kuliko wengi wa karne yake, aliyewafundisha Waingereza kuwahurumia watu wadogo, aliona kuwa yeye anahitaji kufunikwa na kwamba Amos Barton hahitaji, maana wafu hawaoni haya. Alikosea katika hesabu ya nani yu hai. Lakini kosa la hesabu laonyesha kanuni aliyokuwa akiitumia, na kanuni yenyewe ndiyo yenye ila: sitara ni ya mwandishi, naye anayeandikwa hupata mabaki.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa njia zao, waliupanga mzani huu kinyume. Katika ushairi wao wa kujibizana, tangu enzi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa katika karne ya 19, kilichofunikwa ni jambo lenyewe na yule anayesemwa. Fumbo lilivaa nguo ya simba, ya mashua au ya mti, na mwenye kulitunga alisimama wazi, akijulikana na kila mtu kuwa ni shairi lake. Kanga ni mfano ulio karibu zaidi na maisha ya kila siku. Maneno yaliyoandikwa juu ya kanga huitwa jina lake. Mwanamke aliyekosewa na jirani hununua kanga yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mlangoni pa jirani huyo. Anayesemwa hakutajwa, anayesema amejifunga usemi wake kiunoni, na akiulizwa hawezi kusema kuwa hakuwapo. Jina la kubuni humficha mpigaji na kumwacha mpigwa wazi. Fumbo humficha mpigwa na kumwacha mpigaji wazi.

Isidhaniwe kwamba fumbo halina ila. Aliyepigwa kwa fumbo hana pa kulalamika, maana akilalamika amejitaja; na wako wajuzi wa kanga ambao ulimi wao usioonekana umevunja nyumba nyingi kuliko magazeti. Hata hivyo, katika mzani wa haki fumbo lina jambo moja ambalo jina la kubuni halina: mtu wa kuulizwa yupo.

Na ichukuliwe sasa kwamba yuko mwalimu wa kike katika mji mdogo wa pwani, aliyeandika riwaya. Habari yake ni dhuluma ya mirathi: mume amekufa, shemeji amekuja na jamaa, shamba la minazi limechukuliwa, na mjane amebakishiwa chumba kimoja na maneno ya faraja. Mambo haya yalitokea kweli, katika mtaa wa tatu kutoka shuleni, na mwalimu ameyaona. Kitabu ni kizuri na kina manufaa. Akikitoa kwa jina lake, shemeji yule ana ndugu katika kamati ya shule, na mwalimu ana watoto wa kulisha. Rafiki zake wote humshauri atie jina la kubuni, na humshauri kama kwamba jambo hilo linamhusu yeye peke yake.

Lakini kitabu kikifika mjini kitasomwa siku mbili, na siku ya tatu shemeji atakuwa amejulikana kwa jina. Hilo huenda ni haki yake. Siku ya nne mji utauliza ni nani aliyeandika. Mji hautamdhani mwalimu, kwa kuwa mwalimu hakudhulumiwa. Mji utamdhani aliyekuwa na sababu, yaani mjane, au mwanawe aliyesoma kidato cha nne. Chumba kile kimoja alichobakishiwa kiko chini ya paa la shemeji. Ndivyo ilivyokuwa kwa Thackeray, na ndivyo ilivyokuwa kwa Nuneaton: mahali patupu palipoachwa na jina pakajazwa na aliyekuwa karibu. Tofauti ni kwamba Thackeray alikuwa na heshima na mali za kumwezesha kustahimili, na mjane ana chumba.

Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kushauriwa juu ya jina la kubuni ni mjane, kabla ya mchapishaji na kabla ya rafiki. Akikataa, kitabu hakina budi kubadilishwa mpaka asijulikane: minazi iwe mikarafuu, mji uwe wa bara, mjane awe na mabinti badala ya mwana, na dhuluma ibaki dhuluma. Kazi hiyo ni kubwa na wengine huiona kuwa ni kuiharibu kweli. Wenye kusema hivyo wachunguze kama wanachokililia ni kweli, au ni utamu wa kutambuana. Msomaji wa mji mwingine hatapungukiwa na chochote; atakayepungukiwa ni jirani aliyetaka kucheka. Na mwalimu akishafanya hivyo, akawafunika wote kwa kitambaa kilekile alichojifunikia, sitara yake imekuwa halali, hata kama shemeji katika siri ya moyo wake atajitambua.

Linabaki suala la mtu wa kuulizwa. Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark, alichapisha vitabu vyake kadha wa kadha kwa majina ya kubuni, kila jina likiwa na akili yake na imani yake, hata moja likapingana na jingine. Mwaka 1846, mwishoni mwa kitabu kikubwa alichokitia jina la Johannes Climacus, aliongeza kurasa chache zenye jina lake halisi, akakiri kwamba watunzi wale wote ni wake, na kwamba mbele ya sheria na mbele ya fasihi mwenye dhamana ni yeye. Akaomba tu kwamba anayenukuu maneno ataje jina la mtunzi wa kubuni na si lake. Aliitenganisha sauti na dhamana. Sauti aliiachia jina la kubuni, dhamana akaibeba mwenyewe. Si lazima kila mwandishi aungame hadharani kama yeye. Yatosha mchapishaji awe na jina la kweli mahali salama, na awe na ruhusa ya kupokea barua ya Gwyther, kuifikisha, na kurudisha jibu lililo bora kuliko lile alilopewa Gwyther. Mwandishi anayemwambia mchapishaji wake, "Hata wewe usinijue," ameomba zaidi ya sitara.

Na sitara ikiwekwa, ni nani mwenye haki ya kuiondoa? Julai 1848 uvumi ulipoenea kwamba akina Bell watatu ni mtu mmoja, na mchapishaji wa Charlotte akaanza kushuku kuwa anachezewa, Charlotte na Anne walipanda treni ya usiku kwenda London wakajidhihirisha ofisini kwake. Emily hakwenda. Charlotte, katika kujieleza, aliponyokwa na neno kwamba wao ni madada watatu, na Emily alikasirika sana alipojua. Yeye alitaka kuitwa Ellis Bell na si kitu kingine. Alifariki Desemba mwaka huohuo akiwa katika nia hiyo. Anne akafuata Mei 1849. Mwaka 1850 Charlotte alitoa upya Wuthering Heights na Agnes Grey, akatanguliza maelezo yaliyowaambia wasomaji Ellis na Acton walikuwa ni akina nani, walivyoishi na walivyokufa. Maelezo hayo yamejaa mapenzi, na fasihi ya Uingereza ingekuwa maskini bila ya hayo. Sababu alizotoa zilikuwa nzito: wahakiki walikuwa wakiendelea kusema kuwa kazi za wadogo zake ni majaribio ya kalamu yake yeye. Walakini mmoja katika wawili aliowafunua alikuwa amesema waziwazi kwamba hataki, naye wakati huo alikuwa amelala chini ya sakafu ya kanisa la Haworth na hakuweza kulisema tena.

Mwalimu yule wa mji mdogo, atakapompelekea mchapishaji jina lake la kweli katika bahasha iliyofungwa, aandike pia juu ya bahasha ni nani aruhusiwaye kuifungua, na lini; na kama mjane bado yu hai siku hiyo, aulizwe tena.